Mumbar ya Mama Kabira

Mama Kabira alisukuma bakuli la supu kwa ncha ya kidole, akasema hata paka wa uchochoroni asingeinywa. Asubuhi alikuwa amekataa mayai, na jana yake alikataa wali, na vyote vilirudi jikoni kama vilivyotoka. Jael alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Nani kapika haya maji ya kuoshea vyombo?" Mama Kabira aliuliza.

"Jael, mama," alijibu Madam Rihab, mkwe wake, macho yakiwa kwenye simu.

"Basi Jumamosi nikirudi Riyadh naenda peke yangu. Nitatafuta msichana huko huko. Hawa wenu siwataki."

Jael alisimama pale na bakuli lake, masikio yakimwaka moto. Kusemwa mbele ya watu alikwisha kuzoea. Hilo la Riyadh ndilo lililomchoma. Mama Kabira, yaani mama mkubwa, ndiye aliyemzaa baba mwenye nyumba, na alikuja Jeddah kupasuliwa goti. Goti lilipona vizuri, hamu ya kula ikagoma kurudi. Nyumba nzima ilijua kwamba mmoja wa wasichana wawili wa kazi angefuatana naye hadi Riyadh akakae naye kabisa, na Jael alikuwa ameshaomba kwa Mungu awe yeye, tena akaomba kwa sauti, chooni, bomba likiwa wazi.

Jikoni alimkuta Maryann, mwenzake, akimenya vitunguu. Maryann alitoka Nakuru, akilea watoto wa nyumba hii, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Nimeskia yote," Maryann alisema. "Si umwache aende. Riyadh kuna nini? Joto na vumbi. Hata bahari hakuna."

"Kuna Protus."

"Aki wewe na Protus. Mtu umeishi naye miezi mingapi?"

"Ni bwanangu, Maryann. Tuko nchi moja na tunaonana kwa simu kama watu wa televisheni."

Protus alikuwa dereva wa familia moja Riyadh. Walioana, yeye akatangulia, Jael akafuata akidhani Saudia ni mahali pamoja, kama vile Mbale na Chavakali. Alipoteremka ndege Jeddah na kuuliza Riyadh iko upande gani, dereva wa ofisi ya wakala wa kazi alicheka mpaka akalazimika kushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Sasa skiza," Maryann alisema, akipunguza sauti. "Usithubutu kumwambia mtu wa hapa kwamba una bwana huko. Wakijua tu, watasema unataka kutoroka. Kafili, huyu aliyekuleta kazini, hataki hadithi za mapenzi. Anataka nyumba ifagiliwe."

Jael aliitikia kwa kichwa. Hilo alilijua, na ndiyo maana tangu aje hakuwa amelitaja jina la Protus mbele ya Madam hata mara moja.

Aliporudi sebuleni kuchukua gilasi, Mama Kabira alikuwa peke yake, amefumba macho.

"Unajua ninachotaka?" alisema, kana kwamba anaongea na goti lake. "Mumbar. Mamangu alikuwa akitupikia Makka. Utumbo wa kondoo unaoshwa mpaka uwe mweupe, unajazwa wali na nyama na viungo, unachemshwa, kisha unakaangwa. Siku hizi hakuna anayejua kuosha. Wa mwisho aliyejaribu alitujazia nyumba harufu ya zizi, Rihab akalala hotelini."

"Mimi najua, mama," Jael alisema.

Mama Kabira alifumbua jicho moja.

"Unajua nini?"

"Kuosha matumbo. Kwetu tunaosha sana."

"Basi Alhamisi. Nitawaita dada zangu wawili wale nami. Ukinitia aibu mbele yao, utanijua. Nikila nikashiba, Jumamosi funga mkoba wako."

Jael alitoka mle akitembea kwa heshima, na alipofika kwenye korido akakimbia.

*

Kusema kweli, Jael alikuwa hajawahi kuosha utumbo hata mmoja. Bingwa alikuwa mamake, Magdaline, ambaye Chavakali nzima ilimjua kwa kazi hiyo. Mtu akichinja nguruwe, alimpigia Magdaline simu kabla ya kumpigia mwenye kisu. Aliyasafisha matumbo yakawa meupe, akayakata vipande, akayakaanga kwa vitunguu na mafuta yake yenyewe, na watu walikuja na ugali wao kutoka nyumbani. Kazi ya Jael siku hizo ilikuwa kuteka maji na kuziba pua.

Alimpigia mamake jioni ile, akiwa chumba cha kufulia nguo.

"Mama, nisaidie. Nimesema najua kuosha matumbo na sijui."

"Kwani huko wanakula matumbo?" Magdaline alifurahi mno. "Mimi nilidhani wanakula tende tu."

"Wanakula, ya kondoo. Niambie basi."

"Haiambiwi hii, inaonekana. Kesho jirani Danson anachinja nguruwe yake kubwa. Nitamwambia kijana anipige video, uone mikono."

Video ilifika siku iliyofuata, na ilikuwa kazi safi. Magdaline alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso kiunoni, beseni mbele yake. Alimimina maji ndani ya utumbo, akaugeuza nje ndani kama mtu anayegeuza soksi, akaupaka chumvi na unga wa mahindi, akausugua, akakamulia ndimu, akasuuza, akaanza upya. Kisha alishika ncha moja, akaweka mdomo, akapuliza. Utumbo ukajaa hewa wote, ukametameta kwenye jua.

"Ukipuliza ukaskia hewa inatoka, ujue umetoboa," alisema kwenye video. "Hii ya nguruwe ni ngumu. Ya kondoo ni laini, wewe enda pole pole. Salimia watu wa huko, waambie tunawapenda."

Kijana aliyeshika simu alikuwa na moyo wa kuonyesha kila kitu. Kabla ya kuzima alizungusha kamera taratibu, na pale mezani, juu ya jani la mgomba, kichwa cha nguruwe wa Danson kilikuwa kimetulia, masikio yamelegea, pua mbele, kinaonekana kuridhika na mambo.

Jael alimtumia Protus. Baadaye kidogo Protus alipiga simu, akiwa Batha, sokoni Riyadh, kelele za wachuuzi nyuma yake.

"Jael, umenitesa. Nimeangalia mara nne. Hiyo mafuta imenifanya nikumbuke mpaka jina la mbwa wetu."

"Nitaweza, lakini?"

"Utaweza. Kuna chumba cha chai hapa karibu na stendi ya basi, nimeshakwambia. Kila Ijumaa mimi hukaa na kiti kimoja tupu, mwenye hoteli anadhani nangojea mtu mkubwa." Kisha akashusha sauti. "Lakini ifute hiyo video, mama. Ukishajifunza, ifute. Hiyo kichwa haifai kukaa kwa simu ya mtu anayefanya kazi kwa nyumba ya Waarabu huko Aziziya."

Jael aliahidi kuifuta. Ila alihitaji kuitazama akiosha, na baada ya kuosha alitaka kumsikia mamake tena, basi haikufutwa.

*

Alhamisi asubuhi dereva wa nyumba alileta matumbo ya kondoo kutoka kichinjioni, yamefungwa kwenye mifuko mitatu. Madam Rihab alikwisha kutoa amri: yasivuke kizingiti cha jiko lake. Jael na Maryann walifanyia kazi kwenye jiko la nje, kando ya mashine ya maji, simu ikiegemezwa kwenye kopo la sabuni, sauti ya Magdaline ikitoa maagizo.

Utumbo wa kwanza Jael aliutoboa. Wa pili ulimteleza, ukaingia kwenye shimo la maji machafu, na walipouvuta Maryann alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

"Cheka tu," Jael alisema, jasho likimtiririka. "Ni ndoa yangu hii naosha."

Kufikia wa nne mikono ilikuwa imepata akili. Aliugeuza, akausugua kwa chumvi na unga, ndimu, siki, maji, tena na tena, mpaka akaunusa na hakusikia kitu. Kisha akaweka mdomo na kupuliza kama mamake. Ulijaa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutoa hewa. Jael aliruka na utumbo mkononi, akacheza kidogo pale kwenye sakafu yenye maji, na kwa muda huo hakukuwa na mtu mwenye furaha kama yeye Jeddah nzima.

Madam Rihab alitokea mlangoni, pua ameiziba kwa shela. Alinusa kwa mashaka. Akanusa tena.

"Hakuna harufu," alisema, kama mtu aliyenyang'anywa haki yake ya kulalamika, akarudi ndani.

Wali na nyama ya kusaga vilichanganywa na giligilani, pilipili manga na mdalasini, kama Mama Kabira alivyoagiza kwa kupiga kelele kutoka sebuleni. Maryann alishikilia, Jael akajaza na kufunga kwa uzi. Walichemsha, wakakaanga kwa samli mpaka ngozi ikawa ya kahawia na kutoa mlio wa kukauka. Jael hakuonja. Aliogopa.

*

Dada wawili wa Mama Kabira walikuwa wanene, wachangamfu, na walikula kama watu waliokuja kwa kazi hiyo hiyo. Sinia liliwekwa katikati. Mama Kabira alichukua kipande, akakivunja, akakinusa, akakitia mdomoni. Jael alisimama kando na jagi la maji. Maryann alichungulia mlangoni.

Mama Kabira alitafuna muda mrefu. Halafu akachukua kipande cha pili, na cha tatu, na machozi yakamlengalenga.

"Ni ya mama," aliwaambia dada zake. "Onjeni. Wallahi, ni ile ya mama."

Dada mkubwa alikubali mdomo ukiwa umejaa. Hata Madam Rihab, aliyeketi mbali kidogo na sinia, alikubali kula kipande kimoja kidogo, kisha kingine kisicho kidogo.

"Nani alikufundisha?" Mama Kabira aliuliza.

"Mamangu."

"Mungu amlinde. Mikono yake ni mikono ya kazi."

Hapo ndipo Maryann alipotia mguu. Alitaka kumsaidia mwenzake, tena alitaka kusaidia sana.

"Ana video yake, mama," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Mama yake anaosha. Kila kitu iko kwa simu."

Jael alimgeukia na macho ambayo yangeweza kuchemsha maji. Maryann akakumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini Mama Kabira alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

"Video si nzuri, mama. Ina giza."

"Nina miwani. Lete."

Nani angemnyima? Jael aliitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaomba mtandao ukatike, na mtandao ukakataa kukatika kwa kuwa video ilikuwa ndani ya simu. Dada wawili walisogea karibu, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Walimtazama Magdaline akigeuza, akisugua, akikamua ndimu. Walisema mashallah. Alipopuliza, Mama Kabira alipiga paja lake: mama yake naye alipuliza hivyo hivyo. Jael alinyoosha mkono kuichukua simu, na Mama Kabira akausukuma pembeni. Kamera ikazunguka kuelekea mezani.

Vichwa vitatu vilisogea karibu zaidi na kioo.

Dada mdogo alikunja macho. "Huyo ni ndama?"

Nyuma ya Jael, Maryann alinong'ona kwa Kiswahili, haraka haraka. "Sema ndiyo. Jael, sema ndiyo."

Ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu, na Jumamosi angekuwa kwenye ndege. Lakini Jael alimwona Mama Kabira anamtazama, mafuta ya mumbar yangali midomoni, mtu aliyekula kutoka mkononi mwake bila kuuliza. Akajua kwamba akisema ndama, angemlisha huyu mama maisha yake yote akiwa anamwogopa.

"Hapana," alisema. "Ni hinziri. Mamangu anaosha ya hinziri. Kwetu ndiyo tunakula."

Dada mkubwa alitema kwenye kitambaa cha karatasi. Madam Rihab aliinuka kwa haraka kiasi kwamba mto ulianguka chini, akalibeba sinia lote, na wakasikia mumbar ikiporomokea kwenye pipa la taka. Alirudi akipangusa mikono kana kwamba imeungua.

"Halas, imekwisha," alimwambia Jael. "Kusanya vitu vyako. Unarudi ofisini leo. Umetulisha najisi ndani ya nyumba yetu."

Jael alitaka kueleza, ila Kiarabu chote kilimtoka. Alisimama tu, jagi mkononi, machozi yakimtoka mbele ya wageni, na aibu ya kulia ikazidi aibu ya nguruwe.

"Rihab, kaa," alisema Mama Kabira. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe binti. Utumbo huu nani alinunua?"

"Dereva, mama. Kichinjioni."

"Wa mnyama gani?"

"Kondoo. Mifuko ingali huko nje, ina muhuri."

"Na sufuria?"

"Ni ya hapa. Ya jiko la nje."

"Wewe mwenyewe ulimgusa hinziri lini mara ya mwisho?"

"Kabla nije huku. Sijamwona tena ila kwa simu."

Mama Kabira alimgeukia mkwe wake.

"Sasa niambie, Rihab, wewe uliyesoma. Huyu hinziri alipita kwenye simu akaingia sufuriani mwangu?"

Madam Rihab aliinama kuokota mto ulioanguka.

"Umetupa kondoo," Mama Kabira alisema. "Halali, aliyechinjwa kwa jina la Mungu, akaoshwa mpaka akawa mweupe. Mimi sijala wiki mbili, umenitupia kondoo wangu kwenye pipa."

Kwenye sahani yake kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Alikichukua mbele ya wote, akakila polepole mpaka mwisho, akalamba na kidole. Dada mdogo alimtazama, akatazama mlango wa jikoni, na kwa sauti ya unyonge akauliza kama huko jikoni hakuna iliyosalia kwenye sufuria.

Ilikuwako. Maryann aliileta akikimbia.

*

Wageni walipoondoka, Mama Kabira alimwita Jael chumbani amsugue goti mafuta. Madam Rihab alikuwa bado amenuna, lakini alikuwa amenuna kimya kimya.

"Ungesema ndama," Mama Kabira alisema. "Dada yangu haoni vizuri. Mimi ningekubali."

"Mama ungekubali?"

"Hapana. Nimeona ile pua." Bega lake lilitikisika kwa kicheko. Kisha akawa makini. "Wasichana wote wanataka kubaki Jeddah. Wewe wiki nzima unanifuata na Riyadh, Riyadh. Kuna nini Riyadh?"

Mikono ya Jael ilisimama juu ya goti. Alimkumbuka Maryann na maonyo yake yote. Alikumbuka pia kwamba leo ameshasema ukweli mmoja na bado yuko hai.

"Mume wangu yuko huko, mama. Ni dereva. Anaitwa Protus."

"Anakula hinziri na yeye?"

"Huku hapana, mama. Huku anakula kuku na wali."

Mama Kabira alifumba macho, na Jael akaanza kujuta. Aliwaza jinsi atakavyomweleza Protus kwamba alikuwa ameshashinda kisha akajiangusha mwenyewe.

"Sugua," mama alisema hatimaye. "Hujamaliza upande huu."

Hakusema lolote zaidi, wala Ijumaa hakusema. Jumamosi asubuhi dereva alipakia sanduku la Mama Kabira, kiti chake cha magurudumu na mfuko wake wa dawa. Jael alisimama uani na ndala zake, hajui afungashe au afagie. Mama Kabira alishusha kioo cha gari.

"Mkoba wako uko wapi?" alifoka. "Ndege itakungoja wewe?"

Maryann ndiye aliyeukimbilia. Alikuwa ameufunga tangu alfajiri.

*

Ijumaa ya kwanza Riyadh, baada ya swala ya mchana, dereva wa Mama Kabira alimteremsha Jael Batha, karibu na stendi ya basi. Alikuwa na bakuli limefungwa kwa karatasi ya fedha, bado la moto. Alipita kwenye maduka ya simu na ya blanketi akiuliza njia, mpaka akakiona chumba cha chai, na ndani yake mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi kupita kiasi.

Protus alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno, unaweza kuona, na yote yakamkimbia.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa."

"Ni kukaa kwa gari."

Hawakukumbatiana, kulikuwa na watu. Waliketi, magoti yao yakagusana chini ya meza, na hakuna aliyeyaondoa. Jael alifungua bakuli. Protus aliinama, akavuta mvuke wote puani.

"Ni ya nini?"

"Kondoo."

"Sawa tu," alisema, kwa masikitiko kidogo, na Jael akacheka hadi mwenye hoteli akageuka.

Simu ikaita kabla hajachukua kipande cha kwanza. Ilikuwa Mama Kabira. Jael alisimama kuipokea, akijua ruhusa za hapa zinavyoweza kukatwa katikati.

"Ameshakula?" Mama Kabira aliuliza.

"Bado, mama. Ndiyo anaanza."

"Mwambie ale ingali moto. Nawe sikiliza vizuri. Nina wageni hapa mpaka usiku. Ukirudi kabla ya isha nitakuona, na nikikuona nitakupa kazi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi nisikuone," alisema Mama Kabira, akakata simu.